Mpangaji Asiyebisha Hodi



Alhamisi iliyopita, tulipofungua laini za simu, alipiga mama mmoja wa Katuba, hapa Lubumbashi. Hakutaja jina lake, nami sikumwuliza. Alisema ana miaka sita ndani ya ndoa na hajapata hata mimba ya kuharibika. Kisha akasema kwa Kiswahili chetu cha hapa: “Banasema mi njo niko na kosa. Bwana yangu anakatala kwenda ku hopitali, anasema yeye haumwe.” Nilipotaka kumwuliza jambo moja, unite zikamwishia. Hakurudi tena hewani.

Neno lake la mwisho limenikaa kichwani wiki nzima. Haumwe. Maana yuko kiumbe mmoja mdogo ambaye maisha yake yote yanategemea neno hilo. Anaishi vizuri pale ambapo mwenye mwili hasikii lolote. Jina lake klamidia.

Niseme mapema, asije mtu akatoka mbio: simwambii mama yule kwamba ana klamidia. Kukosa mtoto kuna sababu nyingi, na nyingi kati ya hizo ziko kwa mwanamume. Lakini katika sababu zinazozuilika hii ni mojawapo ya zile kubwa, na ndiyo tusiyoitaja. Kisonono tunakijua. Hata watoto wa shule wanajua neno sopisi, ambalo tumelichukua kwenye Kifaransa na kulivalisha nguo zetu. Klamidia haijapata hata jina la utani. Ugonjwa usio na jina la utani ni ugonjwa ambao watu hawajaanza kuuzungumza.

Mimi si daktari. Nilisomea kazi ya maabara kabla redio haijaninyakua, na kati ya yote niliyofundishwa kuna asubuhi moja siisahau. Mwalimu alikuja na kipande cha bukari, ugali wetu, kilicholala, amekifunga kwenye karatasi. Akakiweka mezani, akadondoshea tone la iodini. Bukari ikageuka buluu iliyokolea, karibu nyeusi. Wengi wenu mliona mchezo huo shuleni, kwa muhogo au kwa mkate: iodini inapokutana na wanga, hubadilika rangi. Kisha akatuita kwenye hadubini. Alikuwa na slaidi ya zamani ya seli zilizotiwa iodini ileile. Seli nyingi zilikuwa za njano hafifu, lakini chache zilikuwa na doa la kahawia lenye wekundu, limejibana pembeni mwa kiini kama mtoto mgongoni kwa mama yake. Akasema: kahawia hiyo ni glikojeni, wanga wa wanyama, akiba ya chakula. Na aliyeiweka pale siye mwenye seli.

Yaani ndani ya seli ya binadamu mgeni alikuwa amejijengea chumba, na ndani ya chumba akaweka ghala.

Waliochora doa hilo kwa mara ya kwanza walikuwa wawili, Ludwig Halberstaedter na Stanislaus von Prowazek, huko Java, mwaka 1907. Walichukua ukwaruzo wa kope za wagonjwa wa trakoma, ule ugonjwa ambao Watanzania huuita vikope, wakawapaka orangutani machoni, kisha wakaona chembe ndogo zimejikusanya ndani ya seli kama zimefunikwa joho. Joho kwa Kigiriki ni klamis, na hapo ndipo jina lilipotoka. Kwa miaka karibu 60 wataalamu waliamini ni kirusi, kwa sababu hakikuoteshwa kwenye sahani kama bakteria wengine. Kilitaka seli iliyo hai. Mwaka 1957 daktari wa Kichina, Tang Feifan, alitangaza kwamba amekiotesha ndani ya yai la kuku. Ilichukua karibu miaka 10 zaidi hadi wote wakubali kwamba ni bakteria kamili, ila bakteria aliyechagua maisha ya ajabu.

Maisha yenyewe ni haya. Klamidia ana miili miwili. Wa kwanza ni wa safari: mdogo mno, ukipanga zaidi ya 3,000 kwa mstari ndipo utajaza milimita moja, una ganda gumu, hauli wala hauzai, mfano wa punje ya haragwe iliyokauka. Punje hiyo ikifika kwenye utando wa ndani wa shingo ya kizazi, au wa njia ya mkojo ya mwanamume, au wa kope, hujinata juu ya seli. Ina vijibomba kama sindano, na kwa sindano hizo inaichoma seli na kuitia protini zake. Zile protini zinaidanganya seli, nayo seli kwa mikono yake mwenyewe inainuka, inamzunguka mgeni na kummeza. Hodi haikupigwa. Mwenye nyumba ndiye aliyefungua mlango, na hajui kwa nini amefungua.

Kwa kawaida kitu kilichomezwa na seli hufungwa kwenye kifuko, na kifuko kikapelekwa kuungana na kifuko kingine chenye tindikali na vimeng'enya vya kusaga. Bakteria wengi huishia humo. Klamidia haendi. Anapachika protini zake kwenye ukuta wa kifuko chake. Hapa Lubumbashi nitawaeleza hivi: mtu amehamia kwenye lupango isiyo yake, na usiku wa kwanza akafuta namba iliyoandikwa kwa rangi ukutani, akaandika nyingine. Anayekuja kumtoa anapita na karatasi yake mkononi, anasoma namba, anaenda zake. Baada ya hapo mgeni anasogezwa mpaka karibu na kiini, kwenye kituo ambapo seli hufungasha mafuta yake, na mafuta yaliyokuwa yanaenda kwingine yanaanza kushushwa kwake.

Na nguvu? Mwaka 1962 Mmarekani James Moulder alimpa jina la kimelea wa nishati. Klamidia ana mlango maalumu ukutani mwake wa kuchukua ATP, yaani nguvu iliyokwisha kutengenezwa na seli, na kurudisha mabaki. Sote tunamjua jirani aliyepitisha waya wake juu ya bati usiku na kujiunganisha kwenye umeme wa wengine. Baadaye ikagundulika kwamba klamidia anaweza kutengeneza nguvu kidogo mwenyewe; jirani naye ana betri yake ndogo ya akiba, lakini waya hautoi. Jenomu yake yote, iliyosomwa na kuchapishwa mwaka 1998, ina herufi milioni 1 tu na jeni kama 900. Bakteria wa kawaida wa tumboni ana herufi zaidi ya milioni 4. Huyu alitupa karibu kila kifaa ambacho angeweza kuazima kwa mwenye nyumba.

Akishatulia, punje inapasuka na kuwa mwili wa pili, mkubwa, laini, unaokula na kugawanyika. Kwa siku mbili au tatu kifuko kinavimba mpaka kinajaza sehemu kubwa ya seli. Kisha wengi wao wanarudi kuwa punje, mamia kwa mamia, na wanatoka: ama kwa kuipasua seli, ama kwa kumeguka na kipande cha utando wake, wamefungwa kama mzigo wa sokoni, na seli ikabaki hai. Katikati ya hayo yote klamidia anafanya jambo ambalo kwangu ndilo la kutisha kuliko yote. Seli iliyovamiwa ina amri ya kujiua ili kuokoa jirani zake. Klamidia anaizima amri hiyo. Anahitaji nyumba isimame mpaka amalize kazi.

Sasa tuje kwenye kukaa muda mrefu, maana hapo ndipo bwana wa mama yule anapoingia.

Mwili haulali kabisa. Chembe za ulinzi zikihisi uvamizi, zinatoa tangazo, protini iitwayo interferoni gama. Seli ikisikia tangazo hilo inateketeza akiba yake yote ya triptofani, tofali moja la kujengea protini ambalo klamidia lazima alipate. Ni mbinu ya kuchoma shamba lako ili mwizi afe njaa. Wengi wanakufa. Wengine hawafi. Wanaacha kugawanyika, wanavimba na kuwa mabonge yasiyo na umbo, na wanangoja. Triptofani ikirudi, wanarudi kwenye kazi kana kwamba walikuwa likizo. (Najua yuko mtu hapo anayesema mahindi yana triptofani kidogo, basi sisi wala bukari tumekingwa. Ndugu yangu, kula nyama na samaki. Bukari tupu inaleta pelagra, na haijamtibu mtu klamidia.)

Kuna ujanja wa ziada. Klamidia wa sehemu za siri wamebaki na jeni za kutengeneza triptofani wenyewe kutokana na kitu kiitwacho indoli. Indoli wanaitoa wapi? Wanaiokota kwa bakteria wengine wanaoishi ukeni, hasa pale mazingira ya uke yanapoharibika. Majirani wanampitishia chakula dirishani huku mwenye nyumba amefunga jiko. Klamidia wa macho, wale wa trakoma, hawana uwezo huo. Tofauti ndogo hiyo ya jeni imeonekana tena na tena: walioweza kutumia indoli ni wa chini, wasioweza ni wa machoni.

Na iko njia nyingine ya kumlaza, na hii tunaifanya sisi wenyewe, kando ya barabara.

Nina rafiki mmoja. Wasikilizaji wa zamani wa kipindi hiki wanajua “rafiki yangu” ni nani, na mama watoto yuko sebuleni ananisikiliza, basi tuendelee kusema rafiki. Akiwa mwanafunzi aliona usaha kidogo asubuhi. Hakwenda kwa daktari. Alikwenda kwenye meza ya dawa, akanunua vidonge vya amoxi vya rangi mbili, kumi. Alimeza sita, akampa mwenzake wa chumbani vinne kwa ajili ya jino. Siku ya tatu usaha ukakauka. Akafurahi, akasahau.

Yaelekea alichokausha ni kile kilichokuwa kinapiga kelele. Kisonono na klamidia hupenda kusafiri pamoja, na kisonono ndicho chenye kelele. Sasa sikilizeni maabara inasema nini juu ya aliyenyamaza. Ukiwapa klamidia penisilini kwenye chombo cha seli, hawafi kama bakteria wengine. Penisilini inazuia ujenzi wa ukuta, nao wanauhitaji ukuta huo ili wagawanyike, basi hawagawanyiki. Wanavimba, wanakuwa mara nyingi ukubwa wao wa kawaida, na wanakaa. Ukiondoa dawa, baada ya muda wanagawanyika tena, na punje mpya zinatoka zikiwa na nguvu zao. Amoxi na ampi ni watoto wa ukoo wa penisilini.

Nisipotoshe. Amoksilini ya kipimo kamili, kwa siku 7, madaktari huwapa wajawazito wenye klamidia, na wengi hupona. Mwili wa mtu si chombo cha maabara. Ila sita za meza ya barabarani si matibabu ya siku 7, na kwa asiye mjamzito dawa ya kawaida ni doksisiklini, siku 7 bila kuruka, si kidonge cha leo na cha Jumapili.

Wataalamu wenyewe wanabishana hadi leo. Mwanamke aliyetibiwa akapimwa tena baada ya miezi na kukutwa na klamidia: je, ni yule wa zamani ameamka, au ni mpya ameletwa? Kwenye sahani ya maabara usingizi umeonekana wazi. Ndani ya mwili ni vigumu kumkamata klamidia akiwa amelala, ingawa inajulikana kwamba asiyetibiwa anaweza kubaki naye zaidi ya mwaka. Mimi nikitazama mitaa yetu, kabla sijamshuku bakteria aliyeamka, namshuku bwana aliyekataa kwenda hospitali.

Kwa sababu haumwe. Kati ya wanawake wenye klamidia, kama 7 kati ya 10 au zaidi hawasikii chochote, na wanaume wengi vilevile. Shirika la Afya Duniani lilikadiria maambukizi mapya milioni 129 duniani kwa mwaka 2020 pekee. Na kinachoharibu si meno ya bakteria. Ni vita vyenyewe. Mirija ya uzazi mahali pengine tundu lake ni jembamba kama uzi wa kushonea. Mwili unapopigana humo, wiki baada ya wiki, unaacha kovu. Kovu likifunga, mimba haiingii. Likifunga nusu, mimba inanasa njiani, na hiyo ni ajali ya kuua.

Nchi yetu, Kongo, ina historia nzito hapo. Kati ya 1955 na 1957 serikali ya kikoloni ilifanya uchunguzi mkubwa wa watu, na Anatole Romaniuk akauchambua katika kitabu kilichotolewa na Chuo Kikuu cha Lovanium mwaka 1961. Katanga yetu wanawake walizaa sana. Lakini kaskazini, upande wa Uele na Tshuapa, kulikuwa na wilaya ambamo karibu theluthi ya wanawake wazima hawakuwahi kuzaa hata mara moja. Fikirieni kijiji cha namna hiyo, na jioni zake. Watu walisema laana, walisema uchawi, wazungu walisema tabia. Magonjwa ya zinaa yaliyoachwa bila tiba, kisonono mbele na klamidia ambaye wakati ule hakuna aliyeweza kumpima, ndiyo maelezo yaliyosimama. Penisilini ilipoenea watoto wakaanza kuzaliwa tena. Na kila mahali aliyefukuzwa nyumbani kwa utasa alikuwa mwanamke.

Na madhara hayaishii kwenye uzazi. Kinshasa, mwaka 1993, Marie Laga na wenzake walionyesha kwamba wanawake wenye kisonono, klamidia au trikomonasi walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kuambukizwa virusi vya UKIMWI, ingawa hawakuwa na kidonda chochote. Miaka miwili baadaye matokeo ya Mwanza, ng'ambo ya ziwa Tanganyika, yalitangazwa: katika jamii 12, zile ambazo zahanati zao ziliboreshwa ili kutibu magonjwa ya zinaa kwa kufuata dalili, maambukizi mapya ya virusi vya UKIMWI yalipungua kwa karibu asilimia 40. Ilikuwa kazi nzuri sana. Lakini njia ya dalili inamwona anayelalamika. Mganga anauliza unasikia nini, na klamidia amekwisha kumfundisha mgonjwa jibu.

Kwa ufupi juu ya ukoo wake, maana mtu mmoja wa Ruashi aliuliza. Klamidia ana binamu wasiokuja kwa zinaa. Yuko Parakladimia, samahani, ulimi: Paraklamidia, anayeishi ndani ya amiba, wale viumbe wa seli moja walioko kwenye maji na udongo duniani kote. Amiba anakula bakteria. Huyu aliliwa, akakataa kusagwa, akahamia. Inaaminika ujanja wa kuishi ndani ya seli ukoo huu uliujifunza huko, mamia ya mamilioni ya miaka kabla ya kuwako mtu wa kuambukizwa. Yuko Waddlia, aliyepatikana Marekani katika ndama aliyeharibika mimbani. Uchunguzi wa London uliochapishwa mwaka 2007 ulikuta alama zake zaidi kwa wanawake waliopoteza mimba. Yuko Simkania, aliyekutwa huko Negevu, Israeli, kama uchafu uliovamia vyombo vya maabara. Hawa bado wanafuatiliwa, na sina sababu ya kuwatisha na visima vyenu. Yule wa macho ndiye anayerudi nyuma: Malawi ilithibitishwa kuondokana na trakoma mwaka 2022, Burundi mwaka 2025, kwa dawa ya azithromisini na maji ya kunawa uso. Yule wa chini hana kampeni.

Fundi ananionyesha saa. Basi mama wa Katuba, kama redio iko karibu nawe. Nilitaka kukuuliza hivi: bwana anakataa hospitali, au anakataa sindano na kuvuliwa nguo? Wanaume wengi wanaogopa hilo la pili na wanasema la kwanza. Mwambie kipimo cha mwanamume ni mkojo. Asikojoe kwa saa moja, kisha ule wa mwanzo kabisa aukinge kwenye kikopo, usiozidi vidole viwili, unaofuata aumwage. Wewe unaweza kujichukulia mwenyewe kwa pamba, nyuma ya pazia. Ulizeni maabara kama ina katriji ya klamidia ya mashine ya GeneXpert, ileile wanayopimia kifua kikuu. Majibu yanatoka kama dakika 90. Waulize kabla ya kulipa usafiri, maana mashine ziko, katriji ndizo zinazokosekana. Na mwende siku moja, wote wawili, kwa teksi moja.

Laini ziko wazi tena Alhamisi. Weka unite za kutosha.